Tela Iliyotikisa Mkia

Shangazi yangu ana vidole vinene kama mipini ya nyundo, na jicho la kushoto linalotoa machozi bila huzuni yoyote. Machozi hayo ni ya kazi. Ana miaka thelathini akichomelea vyuma, na katika yote aliyowahi kuunga, mageti, vitanda, ngazi, kinachomkosesha usingizi ni kimoja tu: kiungo cha kuvutia tela. Gari likipita na tela nyuma, wewe na mimi tunaliona gari, tunaiona na tela, basi. Shangazi anatazama pale katikati, penye rungu fupi la chuma lenye kichwa cha mviringo, ukubwa wa yai la bata, na kikombe cha tela kilicholikalia.

"Ndoa iko pale," husema. "Hao wengine ni wakwe tu."

Kazi hii hakuisomea darasani. Aliingia karakana akiwa msichana wa kufagia unga wa chuma. Siku moja fundi mwenye mashine akavunjika mkono kazi ikiwa nusu, geti limeegemea ukuta na mwenye geti kasimama mlangoni. Msichana akavaa kinyago, akamalizia mshono. Fundi aliutazama mshono ule kwa muda mrefu, kisha akamwambia, "Ufagio mpe mwingine."

Karakana yenyewe ni kuta tatu na mlango wa bati wa kukunja. Ndani kuna jiriwa ya kubania vyuma, meza ya chuma iliyojaa makovu, ndoo ya maji ya kupozea, na pembeni, imefunikwa gunia kama kitu cha heshima, mizani ya kupimia watu, iliyotoka kwenye zahanati iliyofungwa. Mimi kazi yangu ni rangi. Yeye akiunga, mimi napaka. Kwa hiyo haya nimeyaona kwa macho yangu, na kuna mahali nitafika niseme nimeona na bado sijaamini.

Ana kanuni zake. Hakutengenezei kiungo kabla wewe mwenyewe hujauinua mkono wa tela yako, ule mti wa chuma unaotangulia mbele, ukauweka juu ya mizani. Wakubwa wenye suti wameinama pale wakihema. Halafu mara ya kwanza hachomelei. Hufunga kwa bolti, ukaivute tela barabarani, urudi ueleze ilivyokwenda.

"Bolti ni uchumba," hukuambia. "Nikishachomelea, talaka yake ni kwa msumeno."

Jumatatu moja asubuhi likaingia gari la chuo, tela ya bati ikilifuata kwa kusitasita. Akashuka Mwalimu, mtu mwembamba mwenye tai iliyopinda, na kijana wa makamo ya thelathini hivi aliyevaa kofia ya kuendeshea baiskeli. Huyu wa pili alikuwa haoni. Kila alichokikaribia alikipitishia vidole kumi, haraka haraka, kama mtu anayejaribu sauti, na ndiyo maana chuo kizima kilimwita Kinanda.

Mwalimu akaeleza shida. Chuo chao ni cha ufundi, kwa watu wasioona: wanafuma, wanashona magodoro, wanatengeneza redio. Mara moja kwa mwezi hupakia baiskeli za watu wawili wawili, zile ndefu zenye viti viwili na pedali mbili, wakaenda kwenye uwanja wa zamani wa ndege ambako hapatui kitu tena isipokuwa kunguru. Mbele hukaa anayeona, wanamwita nahodha. Nyuma hukaa asiyeona. Wanakanyaga pamoja.

"Ni mahali pekee," Kinanda akaingilia, "ambapo mimi huenda kasi bila mtu kunishika mkono."

Mwezi uliopita tela ikaanza kutikisa mkia barabarani, kushoto, kulia, kushoto, mpaka ikalitupa gari mtaroni. Hakuna aliyeumia, ila gurudumu moja la baiskeli lilijikunja kama ganda la chungwa. Mkuu wa chuo akatoa neno: Jumamosi atapanda gari hilo mwenyewe. Tela ikitikisika mbele yake, baiskeli zinaingia stoo, na ufunguo wa stoo unakaa kwenye mkoba wake.

"Kwa hiyo Fundi," Mwalimu akamalizia, "tuna siku tano."

Sasa niseme jambo ambalo Shangazi asingependa niseme. Mafundi wa kuchomelea wana hofu moja wanayolala nayo, na mwenye jicho la machozi analala nayo zaidi. Alimjibu Kinanda salamu kwa mbali, akazungukia upande wa pili wa gari, kana kwamba kutoona kunaambukiza. Nilimwona. Naye alijua nimemwona.

Lakini Kinanda alikuwa ameshachuchumaa nyuma ya gari, vidole juu ya rungu.

"Fundi, hiki kichwa si cha mviringo."

"Ni cha mviringo, baba. Kimetoka kiwandani hivyo."

"Kilitoka hivyo. Sasa hapa kushoto kimelika."

Shangazi akatoa kipimo chake chenye taya, akapima kushoto, akapima kulia. Akapima tena. Tofauti ilikuwa milimita moja kasoro. Alikaa kitako sakafuni, kipimo mkononi.

"Miaka ishirini nafungua na kufunga taya hizi," akasema taratibu, "ili nijue anachokijua huyu kwa dole gumba."

"Basi ugonjwa ni huo?" Mwalimu akachangamka. "Tubadili rungu twende zetu?"

"Hicho ni kikohozi, Mwalimu. Ugonjwa bado."

Mwalimu akatoa mfukoni ukurasa aliouchana kwenye gazeti, umekunjwa mara nne. Ulikuwa na picha ya kiungo cha kung'aa chenye midomo miwili: mmoja wa kushika tela, mwingine juu yake wa kuchomeka keria ya baiskeli, katikati ya gari na tela. Akautandaza mezani kwa upendo, kama picha ya mchumba.

"Hiki hapa. Baiskeli zinatoka kwenye mkia wa tela, zinakuja mbele. Kisomi kabisa."

Shangazi hakubishana. Akachukua kopo la rangi yangu, likawa gari. Sanduku la spana likawa tela. Katikati akalaza ufagio, ukawa baiskeli. "Baiskeli yenu moja ina mita mbili na nusu. Gari lenu halifiki mita mbili kwa upana. Haya, Mwalimu, piga kona."

Mwalimu akasukuma kopo kwa kidole. Ncha ya ufagio ikaligonga sanduku, ncha ya pili ikaliangusha kopo, na rangi ya kijani, rangi yangu, ikaanza safari yake sakafuni.

"Hapo hamjatoka getini," Shangazi akasema. "Na uzito wote huo ukining'inia nyuma, gari litakaa kama mbwa. Nani atashika usukani wa mbwa aliyekaa?"

"Naona," Mwalimu akanong'ona.

"Mimi nimesikia," Kinanda akasema, "na viatu vyangu vimelowa."

Ikaamuliwa, basi, hivi: kiungo cha mdomo mmoja, kinene, rungu jipya, kimo chake kipimwe ili tela ikae sawa kama meza, isiinue pua wala kuinamisha. Keria iondoke kwenye mkia na ipande juu ya paa la tela, baiskeli zilale kwa urefu, zikifuata mwelekeo wa barabara. Halafu akavuta gunia, mizani ikatokea. Mwalimu akainama, akauinua mkono wa tela kwa mkono mmoja, akatabasamu.

"Nyepesi kama kiti."

"Ndiyo msiba wenyewe."

Mshale ulisimama kwenye kumi na nne. Tela nzima, na mzigo wake, ilikuwa kama kilo mia tano. Shangazi alitaka sehemu moja katika kumi ya hizo ilielemee gari. "Tela isiyolielemea gari," akaeleza, "ni kama mgeni asiyevua viatu. Macho yake yako mlangoni tu. Keria ikihama hapo nyuma tumepata kidogo. Sasa tuhamishe na hili sanduku la vyuma, tulilete mbele, na hizi..."

"Hapana, Shangazi," Kinanda akasema. Alikuwa amenisikia nikimwita hivyo, naye akalichukua jina bila kuomba. "Samahani. Hapo hapaguswi."

"Ni sanduku tu, mwanangu."

"Kwako. Sisi kila kitu tunakijua kwa mahali pake. Pampu iko kiwiko kimoja kutoka mlangoni. Dawa za majeraha ziko chini yake. Mtu akianguka kule uwanjani, sitafuti, nanyoosha mkono. Ukihamisha kisanduku kimoja, umetuzimia taa."

Shangazi akaliachia lile sanduku, akarudi nyuma. Katika maisha yangu nimeona hilo mara mbili. "Nionyesheni," akasema.

Jumanne wakaja wanne, Kinanda na wenzake, mmoja wao dada mfumaji mwenye mabega mapana kuliko yangu. Wakatoa kila kitu kwenye tela, wakakitandaza nje ya karakana, kisha wakaanza kupakia.

Sijui nikueleze vipi. Umewahi kumtazama mtu aliyezoea kusuka, vidole vinakwenda na yeye anawaza mengine? Sasa fikiria vidole hivyo ni watu wanne. Hapakuwa na "shika hapa", wala "subiri", wala "angalia mguu". Sanduku liliondoka mkononi kwa huyu likamkuta yule ameshanyoosha mikono. Mahema, magurudumu ya akiba, kamba, pipa la maji, kila kimoja kiliingia mahali pake kwa mlio wake, na nilianza kutambua kwamba milio ile ndiyo waliyokuwa wakihesabu. Katikati ya kazi, kitu kidogo kikaanguka kikabiringika. Wote wanne wakasimama, kimya. Dada mfumaji akapiga hatua nne, akainama, akakiokota kwenye ufa wa sakafu.

"Nati ya gurudumu la nyuma," akasema, akairudisha, kazi ikaendelea.

Mtaa ulikuwa umesimama. Fundi viatu wa ng'ambo alikuwa mlangoni na kiatu kimoja mkononi, na mteja wake nyuma yake, mguu mtupu. Shangazi alishika spana ambayo hakuwa akiifanyia chochote. Tela ilipofungwa alibaki hivyo hivyo, na jicho lake la kushoto likatoa machozi, ila safari hii na la kulia lilikuwamo.

"Mzigo hautahama," akasema mwishowe. "Basi magurudumu yatahama chini yake."

Sikuwahi kumwona akifanya hivyo, wala sikujua kama hufanyika. Alilala chali chini ya tela siku nzima ya Jumatano. Akafungua springi, akatoboa matundu mapya kwenye fremu, akairudisha ekseli, ule mti unaobeba magurudumu, nyuma shibiri moja, akaifunga kwa bolti. Juu hakugusa hata pampu. Mwalimu alipouinua mkono wa tela safari hii, alitumia mikono miwili na akaacha kutabasamu. Hamsini na moja.

Kiungo kipya kinene kikafungwa kwa bolti nyuma ya gari. Keria nayo ikapanda juu, mifereji minne ya chuma, kila mmoja kwa baiskeli moja. Mwisho wa kila mfereji Shangazi alidondosha matone ya chuma kwa mashine: moja, mawili, matatu, manne. Hakuna aliyemwomba. Kinanda akapitisha vidole, akacheka.

"Namba yangu ni tatu. Ila hili la katikati linauma."

"Nilete tupa nililainishe?" Shangazi akauliza.

"Liache. Litanikumbusha nimefika kwangu."

Alhamisi tukaenda kuijaribu. Mwalimu kwenye usukani, Shangazi mbele kwa mapozi ya mama mkwe, mimi na Kinanda nyuma. Tukapitia chuoni, tela ikapakiwa, tukasimama kidogo getini, tukatoka. Barabara ilikuwa nzuri, tela ikatufuata kwa adabu. Shangazi akaanza kuimba chini kwa chini, na yeye akiimba ujue mambo yake yamenyooka.

"Kuna mtu huko nyuma," Kinanda akasema. Mgongo wake ulikuwa umebanwa kwenye kiti, kiganja kimelala juu ya mlango. "Anataka kusema kitu, anajizuia."

"Mimi sihisi kitu," Mwalimu akasema.

"Wala mimi," Shangazi akasema, wimbo umekatika. "Ongeza mwendo kidogo."

Akaongeza. Miti ikaanza kukimbia.

"Amesema," Kinanda akasema, na hapo hapo nikaona vidole vya Mwalimu vikibana usukani. Mkia ulitetemeka, kushoto, kulia. Mwalimu akaacha mafuta taratibu bila kukanyaga breki, kama alivyofundishwa, mpaka tukatulia pembeni. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Shangazi akashuka, akafungua mlango wa nyuma wa tela. Akaweka kiganja juu ya pipa la maji. Akaligonga. Halikulia.

"Hili limejaa lini?"

"Getini," Mwalimu akasema. "Huwa tunajaza mwisho, bomba liko pale getini."

"Jumatatu nilipopima lilikuwa tupu. Na jana."

"Lakini lilikuwa mahali pake," Kinanda akasema, kwa mshangao wa kweli.

Shangazi akakaa kwenye nyasi. Nilidhani anahema, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akalala. "Lilikuwa mahali pake," akarudia. "Mmeniloga nyinyi. Kila kitu kilikuwa mahali pake, nami nikaridhika kama ninyi. Wa kuuliza uzito hapa ni nani kama si mimi? Lita sitini mkiani, na mimi naimba."

"Tulipunguze?" Mwalimu akauliza. "Tulijaze nusu?"

"Watu wanaokanyaga juani uwape maji nusu? Nipe Ijumaa."

Ijumaa akalala tena chini ya tela. Pipa lilijazwa mpaka shingoni, mbele ya macho yake, na alilipima kwa kijiti kama anayepima mafuta. Ekseli ikarudi nyuma nusu shibiri zaidi. Akapima likiwa limejaa, akalimwaga, akapima likiwa tupu, maana kurudi ni safari pia. Likiwa limejaa, hamsini na saba. Likiwa tupu mkono ulizidi kuelemea, akaingia chini ya gari na kukikagua kiungo kile kinene bolti kwa bolti, akatoka akisema, "Atabeba."

Jumamosi Mkuu wa chuo akaja na mkoba wake. Mama mrefu, mkimya, mwenye miwani ya kamba shingoni. Akakaa kiti cha nyuma karibu na Kinanda, mimi nikabanwa dirishani. Basi dogo lenye manahodha na wengine likatangulia. Getini tukajaza maji.

Nilimwangalia Shangazi kwa nyuma. Shingo yake ilikuwa imekaza kama nguzo. Tukafika pale ilipotetemeka, tukapapita. Tukafika kwenye mtaro wa mwezi uliopita, Mkuu akageuza kichwa kuutazama ukipita. Mwalimu akaongeza mwendo. Miti ikakimbia, kisha ikawa ukuta mmoja wa kijani.

"Kinanda," Mkuu akasema, "wewe ndiye nimeambiwa nikuulize. Unasikia nini?"

Kinanda akainamisha kichwa, mgongo kwenye kiti.

"Nasikia redio ya basi letu, Mkuu. Wameweka juu mno."

"Na tela?"

"Tela ipi?"

Mwalimu alitoa kicheko kidogo chenye kwikwi ndani yake. Shingo ya Shangazi ikalegea, na kichwa kikaegemea kiti.

Kule uwanjani mambo yalikwenda kama Jumanne, milio ile ile, kimya kile kile, ila sasa juu ya saruji pana isiyo na mwisho. Kinanda akapapasa mfereji, akapata matone matatu, akashusha baiskeli yake. Kisha wakapanda, nahodha mbele, yeye nyuma, wakaondoka. Mwanzo unaona watu wawili juu ya baiskeli. Baadaye unaona kitu kimoja chembamba kinachopungua, na kutoka mbali, upepo ukikuletea, unasikia mtu anapiga kelele ya furaha, ndefu, kama hana haja ya kuvuta pumzi.

Mkuu alivua miwani, akaiacha ining'inie. Alisikiliza. Akafungua mkoba, akatoa ufunguo wa stoo, akamkabidhi Mwalimu bila hotuba. "Mwezi ujao nitafutieni kofia," akasema. "Kichwa changu ni kikubwa."

Shangazi alipanda pia, kiti cha nyuma, nyuma ya nahodha mmoja mwenye subira. Alipokuwa akiondoka nilimwona akifumba macho. Alirudi baada ya robo saa, kafumba vile vile, na baiskeli ilipokwisha kusimama hakuyafumbua mara moja. Sikumuuliza. Aliniambia mwenyewe tukiwa njiani kurudi, kwa sauti ya chini: "Nilidhani ni giza. Si giza, mwanangu. Mna vitu vingi sana mle."

Jumatatu iliyofuata alivaa kinyago, akakichomelea kiungo, na ekseli pale ilipo. Uchumba ulikuwa umekwisha. Mimi nikapaka rangi ya kijani, iliyobaki. Na tangu siku hiyo, akimaliza mshono wowote, wa geti au wa kitanda, husubiri upoe, kisha hufumba macho yote mawili na kuupitishia dole gumba polepole toka mwanzo hadi mwisho. Akifika mahali akasimama, mimi naweka brashi chini. Najua kuna kitu pale ambacho mimi, kwa macho yangu mazima, sikukiona.